Miaka minne ya ada katika shule ya mchepuo wa Kiingereza: tathmini ya mzazi

Kutathmini shule ni kazi ngumu kuliko kutathmini jiko la gesi au fundi wa friji. Jiko likivuja unalirudisha dukani siku hiyohiyo, lakini shule hujui ilikupa nini mpaka mtoto aketi mbele ya karatasi ya mtihani, na pengine hata hapo usijue, kwa kuwa huwezi kumpeleka mtoto mmoja shule mbili kwa wakati mmoja ukapima tofauti. Mimi nimekaribia kufanya hivyo bila kukusudia. Mwanangu wa kwanza, Baraka, alianza darasa la kwanza Januari 2016 katika shule ya msingi ya serikali iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Mdogo wake, Neema, alianza Januari 2021 katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, upande wa pili wa barabara kuu, pembezoni mwa Dar es Salaam. Nimelipa miaka minne kamili na nimeanza wa tano, na nadhani sasa ninaweza kusema ni kitu gani hasa ninachouziwa.

Jina la shule sitalitaja. Sina nia ya kuiharibia biashara, na mengi ya nitakayoyasema yanahusu shule nyingi za aina hiyo, kiasi kwamba wazazi wa mitaa mingine watadhani ninaizungumzia shule yao.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo na ni ya kweli. Darasa la Neema lina watoto thelathini na wawili, kila mmoja ana dawati lake na kitabu chake. Mwalimu wa darasa anamjua kwa jina, anajua kwamba haoni vizuri akikaa nyuma, na alinipigia simu mwenyewe kunishauri nimpeleke akapimwe macho. Daftari la kazi za nyumbani linarudi kila jioni likiwa limesahihishwa, na mzazi anatakiwa alisaini. Vyoo vina maji na milango inafungika, jambo ambalo msomaji aliyesoma shule yenye mashimo manne kwa wasichana mia tatu hatalidharau. Kuna chumba chenye vitabu vya hadithi, na watoto wanaruhusiwa kuviazima. Neema alipomaliza darasa la pili alikuwa anasoma Kiingereza bila kusitasita, na anakisoma kama lugha ya kujifurahisha, kitu ambacho mimi na baba yake hatukukijua tukiwa na umri wake.

Bei ndiyo inayohitaji uvumilivu. Tangazo lililobandikwa getini lilisema ada ni Sh 1,900,000 kwa mwaka, inayolipwa kwa awamu nne. Fomu ya maelekezo ya kujiunga ndiyo iliyonifunulia mengine: usafiri Sh 640,000, chakula Sh 480,000, sare ambazo hazipatikani popote ila ofisini kwao Sh 145,000, masomo ya Jumamosi kuanzia darasa la nne Sh 120,000, na mitihani ya majaribio Sh 60,000. Rimu za karatasi, sabuni na karatasi za chooni mzazi ananunua mwenyewe. Mwaka jana nilijumlisha risiti zote nikapata Sh 3,345,000, maana yake nyongeza peke yake ilizidi robo tatu ya ada iliyotangazwa. Mhasibu nilipomuuliza kwa nini bei yote isiandikwe getini, alinijibu kwa upole kwamba shule zote zinafanya hivyo, na kwa kweli nilipozunguka kuuliza nyingine tatu niliona kwamba hakunidanganya.

Lipo pia la walimu. Katika mwaka wa darasa la nne, ambao una Upimaji wa Kitaifa, Neema alifundishwa Hisabati na walimu watatu kwa zamu. Wa kwanza aliondoka Machi, wa pili akaondoka zilipotangazwa ajira za serikali, na wa tatu ndiye aliyemalizia. Wazazi wengi wanaamini kwamba ada kubwa maana yake mwalimu analipwa vizuri. Siyo lazima. Mwalimu mwenye ajira ya serikali ana mshahara wenye ngazi, ana pensheni, na hafukuzwi kwa sababu mwenye shule amekasirika asubuhi. Mwalimu wa shule binafsi za ngazi hii mara nyingi ana mkataba wa mwaka mmoja, na wengine hawajui kama mshahara wa likizo ya Desemba utaingia. Ndiyo maana wizara ikitangaza nafasi, shule hizi hutikisika. Kinyume chake, mwalimu wa Hisabati aliyemfundisha Baraka katika shule ya serikali alikuwa na miaka kumi na minne palepale, na mpaka leo sijakutana na mtu anayeeleza hesabu za sehemu vizuri kuliko yeye, japokuwa alikuwa anazieleza mbele ya watoto mia moja na ishirini, wengine wakiwa wameketi sakafuni.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo mteja yeyote angejiuliza. Ikiwa mwalimu bora niliyemwona yuko upande wa pili wa barabara, mimi ninalipia nini?

Sehemu ya jibu ni nafasi na vifaa, na hesabu yake si ngumu. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ya serikali kwa ajili ya uendeshaji imepangwa kuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Ada ya Neema peke yake, bila nyongeza, ni sawa na ruzuku ya wanafunzi 190. Niwe mwadilifu: mishahara ya walimu wa serikali haimo katika hiyo elfu kumi, inalipwa na hazina. Lakini chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa dawati na kitasa cha mlango wa choo vyote vinatarajiwa kutoka humo, na mwalimu mkuu anayetakiwa kufanya miujiza na fedha hiyo anastahili pole kabla ya lawama.

Sehemu ya pili ya jibu ni mchujo, na hili halimo katika fomu ya maelekezo. Neema alipokuwa na miaka sita alifanyiwa usaili wa kuingia darasa la kwanza: kusoma aya fupi, kuhesabu, na kujibu maswali kwa Kiingereza. Watoto ambao hawakujibu waliambiwa nafasi zimejaa, ingawa wiki mbili baadaye nilimwona mtoto mwingine akiandikishwa. Mwishoni mwa darasa la tatu, wazazi wa watoto wenye alama za chini waliitwa mmoja mmoja na kupewa chaguo la kumrudisha mtoto darasa au kumtafutia “shule inayomfaa zaidi”. Rafiki mkubwa wa Neema, mtoto mcheshi aliyekuwa na kigugumizi, aliondoka kwa njia hiyo. Kisha mwaka unapoisha linatundikwa bango lenye picha za watoto wanaotabasamu na maandishi kwamba wote wamefaulu kwa daraja A na B.

Mwenye genge anayechambua nyanya, akapanga nzuri mbele na mbovu akazitupia kwenye kapu la jirani, hawezi kujisifu kwamba anajua kulima. Shule ya serikali haina kapu la jirani. Inampokea kila anayefika, akiwemo yule rafiki wa Neema, ambaye sasa anasoma pale aliposoma Baraka, na akishusha wastani, unaoshuka ni wa shule hiyo. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, katika matokeo ya kidato cha nne yaliyotolewa Januari 2023, baadhi ya wazazi tuliokuwa tukikutana kituo cha basi walilalamika kwamba wamenyimwa kipimo. Mimi nilifurahi. Orodha ile ilikuwa inapima ustadi wa kuchagua watoto angalau sawa na ustadi wa kuwafundisha, na ilikuwa tangazo la bure linalotolewa na chombo cha umma kwa wafanyabiashara wachache.

Sehemu ya tatu ya jibu ndiyo kubwa kuliko zote, na nayo ni lugha. Katika shule za msingi za umma mtoto anafundishwa kwa Kiswahili miaka saba. Siku anapoingia kidato cha kwanza, Baiolojia, Jiografia, Fizikia na hata Historia vinageuka kuwa Kiingereza asubuhi moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika kufundishia katika ngazi zote, lakini nilipomsindikiza Baraka shule ya sekondari ya kata Januari 2023, vitabu alivyopewa vilikuwa vya Kiingereza na mitihani aliyoanza kuiogopa ilikuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyepata A ya Sayansi darasa la saba alirudi nyumbani juma la pili akaniambia, “Mama, kumbe sijui Sayansi.” Alikuwa anajua. Alichokosa ni majina ya vitu anavyovijua. Ilimchukua mwaka mzima na kamusi moja iliyochanika jalada kurudi pale alipokuwa.

Hapo ndipo nilipoielewa bidhaa niliyokuwa nikiinunua kwa ajili ya mdogo wake. Mwenye shule hauzi Kiingereza kwa maana ya mtu anayefundisha lugha ya kigeni kwa anayeipenda. Anauza daraja la kuvukia bonde ambalo hakulichimba yeye. Limechimbwa na utaratibu wa serikali wenyewe, unaofundisha kwa lugha moja chini na kutahini kwa nyingine juu, na thamani ya ada yangu inategemea bonde hilo kubaki palepale. Siku shule ya serikali itakapowafundisha watoto wote Kiingereza sawasawa tangu mwanzo, au siku sekondari itakapofundisha kwa Kiswahili, nusu ya ninachokilipia itakuwa haina bei. Nimetafakari sana jambo hili na bado linanikosesha raha: ninanunua pengo kati ya mwanangu na mtoto wa jirani, na kadiri pengo linavyokuwa pana ndivyo fedha yangu inavyoonekana imetumika vizuri.

Haikuwa hivi siku zote, na wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka. Nchi hii ilirithi shule zilizotengwa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na ilipofika mwaka 1962 zikawekwa chini ya mfumo mmoja. Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Sisemi kwamba shule zile zilikuwa pepo, kwani mimi mwenyewe niliandika kwenye vumbi kwa kijiti. Lakini mtoto wa mkuu wa wilaya na mtoto wa mfagiaji wangeweza kuchapwa na mwalimu mmoja. Kisha uchumi ukaanguka, ukaja mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 pamoja na masharti ya kubana matumizi, na katika kipindi hicho ada na michango vikarudi mlangoni mwa mzazi chini ya jina la “kuchangia gharama”. Waliokuwa na uwezo walianza kuwapeleka watoto bweni Kenya na Uganda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyofungua soko rasmi hapa nyumbani, kwa hoja kwamba sekta binafsi itaipunguzia serikali mzigo na kuwapa wazazi chaguo. Ada ya msingi ilifutwa tena kwa mpango wa 2002, na Januari 2016 ikaanza elimu bila malipo hadi kidato cha nne, iliyokuja kuongezwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022.

Baraka ni mtoto wa Januari 2016. Nakumbuka foleni ya kuandikisha ilivyozunguka uwanja wa mpira, na akina mama wakilia kwa furaha kwa sababu hawakudaiwa michango. Ilikuwa furaha ya haki. Lakini madarasa hayakuongezeka usiku ule, wala walimu, na kiwango rasmi cha wanafunzi 45 kwa darasa kikabaki kuwa maandishi. Kwa hiyo mambo mawili yalitokea kwa pamoja: mlango wa shule ya umma ulifunguliwa kwa maskini, na wenye uwezo kidogo kama sisi tukatokea dirishani. Sera hizi mbili, ya kuondoa ada na ya kuruhusu soko, zinazungumzwa kama vile hazijuani, kumbe zinalishana. Kila darasa la umma linapofurika, shule ya mchepuo wa Kiingereza inapata wateja bila kugharimia bango.

Ninasema “tukatokea dirishani” kwa sababu mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Kati ya 2018 na 2020 nilikuwa yule mama msumbufu anayeuliza fedha za ukarabati zimekwenda wapi. Tulikuwa wachache, mimi, mwalimu mstaafu mmoja, karani wa bandari na muuguzi, na kwa kelele zetu vyoo vya wasichana vilijengwa upya na halmashauri ikaleta madawati themanini. Karani alihamisha watoto wake mwaka 2019. Muuguzi alifuata. Mwaka 2021 nilimwandikisha Neema ng’ambo ya barabara, na Baraka alipomaliza darasa la saba nikawa sina tena cha kuniita kule. Waliobaki katika kamati ni watu wema, lakini wengi wao ni mama wauza mboga na madereva wa bodaboda ambao kikao cha saa nne asubuhi kinawagharimu mlo wa siku hiyo, na wanaoambiwa “mama, haya mambo ni ya kitaalamu” wakinyamaza kwa heshima. Ada yangu iliondoka na sauti yangu pia, na kwa shule ile nadhani sauti ndiyo iliyokuwa hasara kubwa zaidi.

Wala isidhaniwe kwamba soko limeishia getini mwa shule binafsi. Ndani ya shule hiyohiyo ya serikali kulikuwa na tuisheni ya jioni, shilingi mia tano kwa siku. Walimu waliiita masomo ya ziada, na sitawahukumu haraka, maana nyumba wanazoishi nimeziona. Lakini mada ngumu zilikuwa na tabia ya kuachwa zifundishwe jioni, na asubuhi yake mwalimu aliendelea kana kwamba kila mtoto alikuwepo. Jirani yetu fundi seremala, Baba Shabani, mwenye watoto wanne pale, aliniambia kwamba anawapeleka kwa zamu, leo huyu kesho yule. Elimu ilikuwa bila malipo, ila kuielewa ndiko kulikokuwa na nauli. Tena ziko shule za msingi za serikali zenyewe zinazofundisha kwa Kiingereza na kutoza wazazi, kama Olympio na Diamond za hapa Dar es Salaam, na katika miaka ya karibuni halmashauri kadhaa zimefungua za kwao. Ni nzuri, ninazisifia usafi wake, na bei zake ni nafuu kuliko ninayolipa. Lakini serikali inapojenga chumba cha kulipia ndani ya nyumba ya umma, inakiri kwamba inajua wazazi wanataka nini na kwamba imeamua kuwauzia baadhi yao.

Kwa majirani zetu soko lilishuka hadi kwenye mabanda. Kenya ilifuta ada ya msingi mwaka 2003, madarasa yakafurika kama ya kwetu, na mwaka 2009 kampuni ya Bridge ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru kwa Njenga, Nairobi, ikiwauzia maskini masomo ambayo mwalimu anayasoma neno kwa neno kutoka kwenye kishikwambi. Uganda mahakama kuu iliamuru shule zao zifungwe mwaka 2016 kwa kukosa leseni na kutotimiza viwango, na mwaka 2022 tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi liliondoa mtaji wake katika kampuni mama. Ninaitaja kwa sababu kuna watu wanaosema dawa ya shule ghali ni shule binafsi za bei ya chini. Bei ya chini inapatikana kwa kumpunguza mwalimu, na mwalimu ndiye shule.

Nirudi kwenye huduma niliyoahidi kuitathmini, maana kuna kasoro moja ambayo wasomaji wa Kiswahili wanastahili kuambiwa. Katika shule ya Neema kiranja anaandika majina ya wanaozungumza Kiswahili uwanjani, na majina hayo yanasomwa mstarini Ijumaa. Nilipolalamika, niliambiwa kwamba ndiyo njia ya kuwazoeza. Matokeo yake ni kwamba mwanangu anamnong’oneza bibi yake, mzaliwa wa Pangani mwenye Kiswahili cha kumwaga, kana kwamba wanazungumza siri. Bibi hawezi kumsaidia kazi za nyumbani, na insha ya Kiswahili ambayo Neema aliandika mwaka jana ilikuwa na makosa ambayo Shabani wa jirani, wa rika lake, asingeyafanya. Kwa kipengele hiki peke yake ningeipa shule alama ya chini kabisa. Basi la shule nalo linanikwaza: linampitia saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri na kumrudisha saa kumi na moja jioni, mtoto wa miaka kumi, ambaye kaka yake alikuwa anakwenda shule kwa miguu huku akicheza.

Kwa ufundishaji wa kusoma na kuandika, kwa usalama, kwa kumjua mtoto, ninaipa alama za juu bila kusita. Kwa uwazi wa bei, hapana. Kwa namna inavyowatunza walimu wake, hapana kubwa. Mzazi anayefikiria kuandikisha aombe orodha ya malipo yote kwa maandishi kabla ya kulipa fomu, aulize walimu wangapi waliokuwepo mwaka juzi bado wapo, na aulize ni watoto wangapi waliingia darasa la kwanza pamoja na hao wa kwenye bango la darasa la saba. Swali la mwisho nililiuliza mwenyewe. Walioingia walikuwa arobaini na wanne. Waliokuwa kwenye bango walikuwa ishirini na saba, na mwalimu aliyenitajia idadi hiyo aliangalia mlango kabla ya kuitaja.

Wapo wanaoitaka serikali ipange bei. Wizara ilijaribu kuzungumza habari ya ada elekezi karibu miaka kumi iliyopita, wamiliki wakapinga wakitaja kodi na mikopo wanayodaiwa benki, na jambo likaachwa. Sidhani kwamba tulipoteza dawa. Ada ya Neema ikishushwa kwa theluthi moja mimi nitafurahi, na Baba Shabani bado hataweza. Kinachomfikia yeye ni idadi ya walimu upande wake wa barabara, Kiingereza kinachofundishwa na mtu anayekijua, ruzuku inayofanana na bei ya chaki ya leo, na madarasa ambamo mtoto anaweza kuuona ubao. Hayo hayapatikani katika mgogoro wa wazazi wenye magari na wamiliki wa shule.

Nimelipa awamu ya kwanza ya mwaka huu. Sijapata ujasiri wa kumrudisha Neema, na sitajifanya kwamba ninao. Mwezi uliopita niliona tangazo kwenye mti wa mwembe kwamba shule ya serikali ina mkutano wa wazazi kuhusu vyoo, vilevile tulivyovijenga, ambavyo sasa vimejaa. Nikaenda. Mlinzi alinikumbuka, akanisalimia kwa jina la Mama Baraka, kisha akafungua daftari akaniuliza mtoto wangu yuko darasa la ngapi. Nilimwambia kwamba sina mtoto pale kwa sasa, nimekuja tu kusikiliza na kuchangia. Alilifunga daftari polepole, akaniomba radhi, akasema ameagizwa kwamba mkutano ni wa wazazi.